Sahani ya Mkubwa wa Nyumba

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, mwanangu, Jumamosi ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, nilipokwenda kuichukua damu iliyowekwa kwenye bilauri nikaizike, nikaona ndani yake kitu ambacho damu ya binadamu haitakiwi kuwa nacho.

Saa naijua kwa sababu tangu ujana nina desturi ya kutazama saa jambo linapotokea. Wengine huniona mchoshi kwa hilo. Utanivumilia, kwani nitakwenda polepole, na mwenda pole hajikwai.

Tulikuwa Msambweni, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, bendera mpya haijaanza kufifia rangi kwenye ofisi ya chifu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Kaka yangu Bakari alikuwa na thelathini na minne. Wanaume wa nyumba yetu tulikuwa tumebaki sisi wawili. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Baba alikufa nikiwa bado nasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Ami Salimu, mdogo wake baba, alikuwa amekufa wiki tatu tu kabla ya Jumamosi hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika miaka hamsini. Aliyewazika wote alikuwa bibi yetu, Mwanakombo, mke wa babu na mama wa hao wawili wengine, na yeye alikuwa bado anabeba maji kichwani.

Namna walivyokufa ndiyo iliyowafanya majirani waanze kupita upande wa pili wa njia. Wote watatu walikufa wakiwa kwenye chakula au baada tu ya kula. Ami Salimu nilimwona kwa macho yangu. Ilikuwa baada ya sala ya Adhuhuri, ameketi mkekani na mgeni kutoka Vanga, mkono wake wa kulia umo ndani ya wali. Mgeni alikuwa akimsimulia kisa cha mbuzi aliyeingia msikitini. Alisimulia mpaka mwisho, akacheka, akangoja ami naye acheke. Ami alikuwa akimtazama tu. Jeusi la jicho lake lilizungukwa na duara jeupe, jembamba kama uzi, ambalo alikuwa nalo siku zote, na baba pia alikuwa nalo. Kwenye kope zake kulikuwa na vipele vya manjano mfano wa punje za mtama. Mgeni akasema, "Bwana Salimu, kisa hakikukupendeza?" Nilipomgusa bega, tonge lilianguka kutoka vidoleni mwake. Mwenyewe hakuanguka.

Sasa sharti nikueleze habari ya sahani.

Katika nyumba yetu, mkubwa hakula kwenye sinia na wengine. Alikuwa na sahani yake ya kauri, pana, yenye maua ya kijani ukingoni, aliyoinunua babu Mombasa. Mafuta yote ya nyumba yalikwenda kwenye sahani ile. Samli ilimiminwa juu ya wali mpaka ikaonekana ikitembea. Tui zito la kwanza lilikuwa lake. Ngozi ya kuku, uboho wa mfupa, kidari cha mbuzi, vyote vyake. Na jamaa zetu wa bara, upande wa Kinango, walipotuletea kondoo, mkia wote ulikuwa wake. Wewe huenda hujawaona kondoo wale. Mkia wao ni mafuta matupu, mzito kama mtoto mchanga. Asubuhi, kabla ya chai, alipewa kikombe cha samli vuguvugu.

Usidhani ulikuwa ulafi. Ilikuwa heshima. "Mkubwa akikonda," Bibi alikuwa akisema, "watu husema nyumba imekonda." Na yule atakayerithi kiti aliitwa ale pembeni ya mkubwa, azoee. Baba alikula na babu. Ami alikula na baba. Baba alipokufa, ami alimwita Bakari. Mimi na wanawake tulikula ugali, samaki na mchunga, ile mboga chungu, uliochemshwa, na tulimwonea Bakari wivu. Msimu wa kusi, upepo unapokuwa wa baridi, sahani ile ikiachwa kidogo tu kabla ya kuoshwa, mafuta yaliganda juu yake, meupe, na maua ya ukingoni yakafifia chini yake kama kitu kilichozama.

Bakari alikuwa mkwezi wa minazi, tena hodari. Mwezi ule ambao ami alifariki, nilimkuta juu ya mnazi, katikati ya shina, amesimama. Hapandi wala hashuki. Nikamwita. Niliona uso wake umeegemea shina kama anasikiliza kitu ndani ya mti. Baada ya muda akateremka, akakaa chini akishika miguu.

"Nini, kaka?"

"Mashavu ya miguu yamekamatwa," akasema. "Kama mtu ameyashika kwa mikono. Nikitulia, ananiachia."

"Nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, msomi."

Alicheka aliposema hivyo, lakini nilipomwinua niliona kope zake. Punje mbili za manjano, moja kila upande.

Bibi alipoambiwa, akamwita Mzee Masudi wa Gazi, aliyekuwa akiumika watu. Kazi yake unaijua: anachanja ngozi kidogo kwa wembe, anakandika pembe la ng'ombe, anafyonza hewa, anaziba tundu kwa nta, na damu inajaa ndani ya pembe taratibu. Damu ile huzikwa, isije ikaangukia mikono mibaya. Jumamosi ile nilipewa kazi ya kuchimba shimo nyuma ya jiko. Nikakutana na mzizi wa mwembe na kazi ikachelewa. Mzee Masudi akaimimina damu ya Bakari kwenye bilauri, akaiweka kivulini juu ya kibaraza, akenda kunywa chai.

Damu ikikaa, mwanangu, huganda ikajivuta chini, na juu yake hubaki maji ya manjano, maangavu, ukaona kidole chako upande wa pili wa bilauri. Hayo nilikuwa nimeyaona mara nyingi. Niliporudi na jembe kuichukua bilauri ile, chini kulikuwa na damu iliyoganda, nyeusi kama ini. Juu yake hapakuwa na maji. Palikuwa na tui. Tui zito, jeupe, kama lile la kwanza kabisa kutoka kwenye kifumbu cha kukamulia nazi.

Nilimwita Mzee Masudi kwa sauti ya chini, sijui kwa nini. Akaja, akainama, akatazama. Alikusanya pembe zake, akazifunga kwenye kitambaa bila kuziosha, akavaa viatu.

Bibi akamwuliza, "Masudi, hata ada yako huichukui?"

"Hapana, Mwanakombo. Wacha tu." Kisha mlangoni akageuka. "Nilimuumika Salimu. Nilimuumika na baba yao. Ilikuwa hivi hivi." Akaenda zake.

Habari kama hiyo haina mlango wa kuizuia. Kabla ya sala ya Alasiri mji wote ulikuwa unajua kwamba wanaume wa nyumba yetu wana damu nyeupe. Ikasemwa kuna jini amefungwa kwetu tangu zama za babu, kwamba hunyonya damu na kutia maziwa yake mahali pake, na akishamaliza mmoja huhamia kwa anayefuata. Nani alikuwa anafuata, hakuna aliyehitaji kuuliza. Ijumaa iliyokuwa inakuja wiki mbili na siku kadhaa mbele ilikuwa arobaini ya Ami Salimu. Siku hiyo wazee wangekutana, kondoo angechinjwa, na Bakari angekalishwa mbele yao na kula mkia kwenye ile sahani. Hapo ndipo angekuwa mkubwa wa nyumba rasmi.

Mimi nilikuwa nimesoma madarasa machache na vitabu vichache, na nilijiona mjuzi. Nikafikiri kwa utaratibu. Babu alikula kwenye sahani ile, amekufa. Baba, amekufa. Ami, amekufa. Bakari anakula, damu yake imegeuka. Wanawake hawakula humo, wako hai. Nikaona nimekwishampata mchawi. Nikaichukua sahani, nikatoka nayo uani, nikainua mkono niipasue kwenye jiwe la kufulia.

"Iteremshe." Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bibi, hii ndiyo inayowaua. Jini limo humu."

Akaipokea mkononi mwangu, akaipangusa kwa upande wa leso yake. "Sahani ina meno?"

"Haina, lakini..."

"Haina. Mwenye meno ni mlaji. Ukimtafuta mchawi kwenye vyombo, mjukuu wangu, leo utavunja sahani, kesho utavunja mlango wa mtu, kesho kutwa utavunja kichwa cha mtu. Umesema jambo kubwa kwa akili ndogo. Nenda ukalifikirie tena, na safari hii ufikirie kile kinachotiwa ndani yake."

Nilikasirika. Nilikuwa kijana, na kijana akikemewa husikia sauti tu, maneno huja kuyasikia baadaye. Lakini usiku sikuweza kulala kwa yale maneno, na asubuhi nikachukua baiskeli nikaenda Gazi.

Mzee Masudi nilimkuta anaanua nyavu za jirani yake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama.

"Nimekuja kukuuliza moja tu, mzee. Damu ya namna ile, umewahi kuiona kwa mtu asiye wa nyumba yetu?"

"Mimi natoa damu, sisomi damu."

"Najua. Lakini umeiona?"

Akachambua nyavu. "Mara moja. Bwana arusi mmoja wa Ukunda. Siku ya pili ya harusi, alisema kichwa kinamgonga. Sikumwambia kitu. Ungemwambia nini bwana arusi?"

"Alikuwa amekula?"

"Alikuwa amekula?" Akacheka, mara ya kwanza. "Mimi kila mtu namwambia aje na njaa. Na kila mtu huniambia amefunga, na masharubu yake yananukia pilau. Yule alikuwa ametoka kwenye sinia, anajipangusa."

"Na yuko hai?"

"Juzi nimemwona Ukunda. Ana watoto watano na tumbo kama la mjamzito."

"Na Bakari Jumamosi alikuwa amekula. Alifungua kinywa na wageni waliokuja kutupa pole. Mkubwa hawezi kuwaacha wageni wakila peke yao."

Sasa alinitazama. Yalikuwa macho ya mtu mwenye hofu ambaye ameonyeshwa mlango na bado hataki kuamini kwamba haukufungwa.

Nikamweleza nilichotaka. Alikataa. Nikamwambia kwamba kama ni jini, basi litajionyesha, na kama si jini, basi huenda kaka yangu akaishi. Akazikunja nyavu zote. Mwisho akasema, "Nitakuja Jumatano. Lakini damu yako nikiiona nyeupe, kijana, mimi sitakanyaga tena Msambweni."

Kwa siku zile chache Bakari alikula tulichokula sisi: ugali mdogo, samaki wa kuchoma, mchunga, maji. Hakupewa samli. Alilalamika kama mtoto. "Mnaniachisha ziwa," alisema. Na Jumanne jioni alilala bila chakula. Jumatano, kabla jua halijachomoza vizuri, mimi ndiye niliyeketi mbele ya sahani ya mkubwa. Bibi alipika kama alivyokuwa akipika siku zote, hakupunguza kitu, kwani nilimwomba asipunguze. Wali, samli, mafuta ya mkia yaliyokaangwa. Nilikuwa nimeutamani ule mlo maisha yangu yote. Tonge la kwanza lilikuwa tamu kupita kiasi. La kumi nililisukuma. Mdomo wangu ulikuwa na utando, na nilihisi kana kwamba nimevikwa nguo ya mtu mwingine kwa ndani.

Saa nne Mzee Masudi alituumika sote wawili. Damu ya Bakari kwenye bilauri ya kushoto, yangu kwenye bilauri ya kulia, juu ya kibaraza, kivulini. Kisha tukangoja.

Sijapata kungoja vile tena. Bibi alikuwa na tasbihi yake. Kuku mmoja alipanda kibarazani, akazitazama bilauri, akateremka. Ulikuwa mchana mweupe, jua linawaka, watoto wanacheza mbali, na mimi nilikuwa nimeketi natazama kilichotoka mgongoni mwangu kikijitenga chenyewe. Damu iliyoganda ilianza kujivuta kutoka ukingoni mwa kioo. Maji yakaanza kupanda. Kwenye bilauri ya Bakari yalikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele, lakini nilikiona kidole cha Mzee Masudi upande wa pili. Kwenye bilauri yangu sikuona kitu. Palikuwa peupe.

Nilikuwa mzima wa afya, mwanangu. Nilikuwa naweza kukimbia mpaka ufukweni na kurudi. Na ile ilikuwa damu yangu.

Mzee Masudi alirudi nyuma hatua moja. Lakini Bibi akasogea, akainama mpaka uso wake ukakaribia kioo.

"Hii ya kulia ni ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Juma lililopita ilikuwa hivi?"

"Juma lililopita sikula kwenye sahani."

"Kwa hiyo jini lako limekuingia alfajiri."

"Limeingia pamoja na samli."

Akaitazama ya kushoto, ambayo siku chache za ugali zilikuwa zimeifanya ionekane damu tena. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akimiminia samli kwa miaka yote hiyo, akaufunika kwa upande wa leso kama kitu kisichofaa kuonekana. Bakari akamwambia, "Bibi, ulitupenda." Akasema, "Najua nilivyowapenda." Akaingia ndani. Mpaka jioni hakutoka.

Ngoja hapa nikueleze kile nilichojifunza baadaye, kwa vitabu na kwa kuwauliza madaktari waliokuwa na subira nami, usije ukafikiri kwamba tui lile pekee ndilo lililoua. Mafuta ya chakula kikubwa huingia kwenye damu, na kwa saa kadhaa damu huwa na weupe huo hata kwa mtu mzima wa afya. Saa hizo mishipa haitanuki vizuri kama kawaida yake, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Kisha mwili huyasafisha mafuta, na weupe hupotea. Yule bwana arusi wa Ukunda alisafishwa hivyo. Lakini mtu akila hivyo asubuhi, mchana na jioni, mwaka baada ya mwaka, mwili haupati nafasi ya kumaliza kazi. Mafuta huingia ndani ya kuta za mishipa yenyewe, yakakaa, yakawa magumu, na njia ya damu ikawa nyembamba kama mrija wa kiko ambao haujawahi kusafishwa. Mshipa wa mguu ukibanwa, mguu hukamatwa katikati ya mnazi. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hukaa na tonge mkononi. Na zipo nyumba ambazo watoto wake huzaliwa na damu isiyojua kuyaondoa mafuta upesi. Duara la jichoni na punje za kwenye kope ni alama zake. Nyumba yetu ilikuwa moja ya hizo. Yaani tulikuwa na urithi mbaya, na juu yake tukauwekea heshima mbaya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kwenye sahani, tukakiita cheo.

Lakini kujua ni jambo moja, na Ijumaa ya arobaini ni jambo jingine.

Wazee walikuja, kisomo kikasomwa, kondoo amechinjwa. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Nyawa, mkubwa wa ukoo wetu wote, mtu mnene mwenye kicheko. Wanaume waliketi barazani, wanawake uani. Sahani ililetwa. Mkia ulikuwa juu yake, mzima, umekaangwa, samli inauzunguka. Ikawekwa mbele ya Bakari.

Bakari hakuinua mkono.

"Bismillahi, mkubwa," akasema Mzee Nyawa.

Bakari akasema taratibu kwamba siku chache kabla alikwenda hospitali, na daktari alimshika mguu akatafuta mapigo ya damu kwenye kifundo, akayakosa, na amemkataza.

"Daktari amekukataza kuwa mkubwa?" Watu wakacheka. "Wallahi zama hizi hata kiti cha baba mtu huombewa ruhusa hospitalini."

Mwingine nyuma akasema, "Mwacheni, anaogopa maziwa ya jini lake." Wakacheka zaidi, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na kila mtu akatazama pembeni.

Nilimwona Bakari akitazama sahani. Asiyekula mkia ule siku ile asingehesabiwa tena. Neno lake lisingepita kwenye posa wala kwenye mgao wa shamba, na watoto wake wangeitwa wana wa yule aliyekataa. Mkono wake ulianza kuinuka.

Hapo Bibi akatokea barazani. Mwanamke hakuwa akiingia pale wazee wanapokula, na wote waligeuka kumtazama. Alikuwa amebeba bakuli la ugali na kipande cha samaki changu wa kuchoma, na mchunga pembeni. Aliiondoa sahani mbele ya Bakari, akaisukuma mpaka magotini mwa Mzee Nyawa, akaliweka bakuli mahali pake.

"Mwanakombo," akasema Mzee Nyawa, na safari hii hakuwa na kicheko, "unatuaibisha mbele ya maiti yako."

"Ndiyo," akasema Bibi. "Watatu nimewazika kwa heshima. Huyu mmoja niachieni kwa aibu."

Upepo uliingia barazani. Bakari akanawa tena mikono, akamega ugali, akachovya kwenye mchunga, akala. Alikula mbele yao wote mpaka akamaliza, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Mzee Nyawa alimtazama muda mrefu, kisha akaukata ule mkia vipande vidogo, akawagawia watu wote waliokuwapo, kila mmoja kipande kiasi cha ncha ya kidole. "Kama ni cheo, basi tumekuwa wakubwa sote," akasema. Na tangu hapo, katika ukoo wetu, mkia haukuliwa tena na mtu mmoja.

Bakari hakupona kabisa, nisikudanganye. Kilichokwisha kujengeka ukutani hakibomoki kwa bakuli moja la ugali. Minazi mirefu aliiacha. Lakini aliacha na sigara alizokuwa akivuta, akawa anatembea kila asubuhi ufukweni, mguu ukimkamata anasimama, ukimwachia anaendelea, na kila mwaka alifika mbali kidogo kuliko mwaka uliopita. Bibi alipofariki, uzee wake umetimia, ni Bakari aliyeshuka kaburini kumpokea. Nilisimama juu nikamwona akimlaza kwa mikono miwili, na nikawaza kwamba hii ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi nyumba yetu inazika kwa mpangilio unaostahili: mkubwa anatangulia, mdogo anamfukia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mafuta hayakuharamishwa kwako, lakini usiyafanye chakula cha kila siku wala kipimo cha heshima. Samli na tui zito viwe vya siku moja moja, tena kidogo. Samaki, kunde, mboga chungu na matunda ndiyo chakula cha watu wanaokusudia kuzeeka. Ukitoka kwenye karamu usilale, tembea. Ukiona miguu inakukamata njiani, au kifua kinakubana unapopanda mlima wa Kwale, usiseme umechoka tu, nenda ukapimwe, kwani mficha maradhi kilio kitamfichua. Na kama kwenu baba na ami walikufa mapema, usitafute mchawi. Kapime damu yako ukiwa bado kijana, nenda na njaa kweli, usimdanganye mpimaji. Na ukiwa wewe ndiye unayepakua, jua kwamba mkono unaopenda unaweza kuumiza bila kukusudia. Mpakulie umpendaye kile kitakachombakisha.

Mola akulinde na maradhi yasiyo na sauti. Akujaalie shibe isiyokudhuru na umri wenye faida. Na akujaalie, mwanangu, uzikwe na wanao, usije ukawazika wewe. Amin.